Moshi wa Kihonda na Kubazi la Mguu Mmoja

Mwalimu Margareth, mshauri wetu mpendwa, shikamoo.

Naomba unisaidie kabla ya Jumamosi ya wiki hii, maana baada ya hapo hata ushauri ukija utakuwa wa kunipa pole tu. Kila Alhamisi nasoma safu yako, nacheka matatizo ya wenzangu, sikuwahi kudhani kuna siku nitakaa chini kuandika langu, lakini maji yamenifika shingoni.

Mimi ni kijana wa miaka thelathini na mmoja, Mluguru wa Matombo, kazi yangu ni makubazi, mikanda na pochi za ngozi, na ninafanyia kazi katika karakana ya pamoja hapa Kihonda ambako tuko mafundi tisa, wa mbao wapo, wa mabango wapo, wa mihuri yupo, wa ngozi ni mimi peke yangu, na kinachotuunganisha ni mashine moja ya leza ambayo chama chetu kiliiagiza kutoka China, yaani unachora ua lako kwenye kompyuta, unalaza ngozi ndani, unafunga kifuniko, na mwale mwembamba wa mwanga unaichoma ngozi na kuikata sawasawa na ulivyochora, kazi ya siku tatu inakwisha kabla chai haijapoa. Msimamizi wa mashine hiyo na mtunza ufunguo ni dada mmoja ambaye nitamwita Tumaini, silo jina lake, nimelibadilisha ili asitambulike, ni Mnyamwezi wa Sikonge na amesomea ufundi.

Sasa Mwalimu, mambo ya Mluguru na Mnyamwezi unayajua. Siku ya kwanza tu alipopata habari kwamba mimi ni wa Matombo alininyang'anya chapati mkononi akaila yote mbele yangu, nami nikachukua kofia yake ya jua nikashinda nayo mpaka jioni, na hakuna aliyenuna, kwa sababu mtani ana ruhusa. Tangu hapo ikawa ndiyo maisha yetu, hakuna siku tuliyosalimiana kama watu wenye akili zao. Yeye akifika asubuhi ananiuliza kama nyani wa kwetu wameamka salama, mimi namuuliza leo amebeba mzigo wa nani kichwani, karakana nzima inacheka, kazi zinakwenda.

Tatizo lilianzia hapo hapo kwenye kicheko. Tumaini alibandika ukutani karatasi ya masharti ya mashine, wenzangu wakasoma wakatii, mimi nikaibandua nikafungia karanga. Akabandika nyingine, nikaifungia maandazi nikampelekea yeye mwenyewe, akacheka mpaka akakaa chini, akabandika ya tatu juu kabisa nisikofika. Sharti mojawapo linasema kitu chochote kinachoitwa ngozi hakiingii kwenye mashine mpaka akipime, na kipimo chake ni waya wa shaba, anaupasha kwenye moto mpaka uwe mwekundu, anaugusisha kwenye kile kitu, anaurudisha motoni, moto ukigeuka kijani kibichi anasema hiyo ni plastiki yenye sumu na haikatwi kwa leza. Mimi nikaliona hilo ni dharau. Baba yangu alisindika ngozi kiwandani miaka mingi kabla viwanda havijabinafsishwa na vingine kufungwa, mimi nimekua nikinusa magome ya miwati, yale ya kusindikia ngozi, kwenye shati lake, leo nifundishwe ngozi na mtu wa Sikonge?

Nikamwambia, "Babu zako walibeba mizigo mpaka pwani bila kuuliza ndani kuna nini. Wewe umeanza lini kukagua mizigo ya watu?"

Akanijibu, "Nyie Waluguru mkishuka mlimani mnadhani kila moshi ni ukungu. Lete hapa nipime."

Basi, mjomba wangu Severini ni katibu wa kwaya huko Matombo, na kwaya yao itaimba kwenye jubilei ya paroko, wakaagiza makubazi jozi thelathini na mbili yenye ua la jani la mgomba kwenye mkanda, na kwetu mjomba akishasema umesema ulimwengu. Nikaenda Mwembesongo nikakuta jora la ngozi nyeusi inayong'aa, mita kumi, muuzaji akasema ni ya Italia, bei yake nzuri, na tangu milango ya biashara ifunguliwe kila kitu cha duniani kinafika Mwembesongo, nikaona bahati imenishukia. Tumaini alipoliona lile jora alichana kipande akakipima, sikuangalia hata rangi ya moto, nilikuwa nafanya mzaha na mafundi wa mbao, nikasikia tu anasema, "Mtani, hii nimeikamata," akaifungia kabatini. Nikajua ni yale yale ya chapati.

Alhamisi ya wiki juzi alikwenda kula mchana, akaacha funguo zote mezani kwa kutuamini. Nikafungua kabati nikachukua jora langu, mtani kwa mtani, nikawasha mashine. Upepo wa mlimani ulikuwa unapeperusha vipande vyepesi, nikafunga dirisha. Feni ya kuvuta moshi nayo ilikuwa inainua ule mkanda mwembamba, ua linakwenda upande, nikaizima. Mwalimu, nitakuambia ukweli ambao sijamwambia mtu. Ngozi ya kweli ikiungua inanuka kama nywele zilizoungua, nimeijua harufu hiyo tangu utotoni. Ile haikunuka nywele. Ilinuka kitu kikali kinachochoma kama dawa ya kutakatishia nguo, pua yangu ikaniambia acha, nami nikaiambia bado jozi thelathini.

Moshi ukajaa. Macho yakawaka, koo likafunga, nikawa nimesimama tu pale kama gogo. Tumaini akaingia mbio, akazima umeme ukutani, akafungua madirisha yote, akatusukuma nje mmoja mmoja, mimi wa mwisho, na kwa kuwa yeye alikaa ndani kuliko sisi wote alikohoa siku tatu. Lenzi ya mashine imepata ukungu na vyuma vinavyobeba kichwa chake vimeanza kuota kutu.

Mwenyekiti wetu Mzee Mwinshehe, fundi wa vitanda, akauliza, "Nani alikuwa kwenye mashine?" Tulikuwa watu wengi nje tunakohoa, na moshi ulikuwa umefika kila mahali, hakuna aliyeniona vizuri, na jora wote walijua limefungiwa na Tumaini. Nikafungua mdomo. Kabla sijasema Tumaini akasema, "Ufunguo ni wangu, mzee. Niandike mimi." Na mimi, Mwalimu, nikanyamaza. Nilidhani ni utani, nilidhani atageuka anicheke. Hakugeuka.

Kesho yake asubuhi aliniambia, "Habari za asubuhi, kaka. Umeamkaje?"

Nikasema, "Mtani, leo umekula nini mbona una adabu hivyo?"

Akasema, "Nashukuru, nimekula vizuri. Nakutakia kazi njema."

Sijawahi kusalimiwa vizuri namna hiyo na haijawahi kuniuma namna hiyo. Sasa ni wiki ya pili ananiita kaka. Chapati yangu naiweka mezani wazi kabisa, inakauka, haigusi. Jumamosi hii kamati inakaa, na wanasema msimamizi aliyeacha ufunguo mezani hafai, atanyang'anywa kazi, na akinyang'anywa atarudi Sikonge kwa kaka yake, amekwisha kuniambia hivyo zamani tukiwa tunacheka. Nikisema ukweli mimi ndiye nitakayefukuzwa kwenye mashine, kwaya itapanda jukwaani na viatu vya shule, mjomba hatanisamehe. Rafiki yangu mmoja ananishauri ninyamaze, anasema mtani humbebea mtani mzigo, ndiyo mila. Lakini usingizi sipati, na nimegundua jambo ambalo naona aibu hata kuliandika, kwamba bila huyu dada kunitukana asubuhi siku yangu haianzi.

Na kama hayo hayatoshi, wezi nao wamenivamia. Nilikuwa na jozi moja ya mfano, nimeikata kwa mkono kwenye ngozi nzuri ya magome, ua la jani la mgomba, saizi thelathini na nane, sijui hata kwa nini niliitengeneza saizi hiyo wakati wanakwaya wengi ni wanaume wenye miguu mikubwa. Nimeining'iniza msumarini pale penye meza yangu. Jumatano iliyopita nimekuta la kulia limeibwa, la kushoto lipo. Mkosi juu ya mkosi.

Niseme au ninyamaze? Na je, mtani akishakuwa mstaarabu kuna dawa? Tafadhali usiandike jina langu.

Mimi,
Mwenye Aibu, Kihonda


MWALIMU MARGARETH ANAJIBU

Marahaba, mwanangu. Jina lako sijaliandika kama ulivyoomba. Nimecheka barua yako, nikaisoma tena nikakasirika, nikamsomea mume wangu akacheka upya, kwa hiyo nitakujibu nikiwa na hali zote mbili.

Nianze na hesabu ya siku. Barua yako imenifikia Jumatatu, gazeti linatoka Alhamisi, kamati inakaa Jumamosi. Umebakiwa na siku mbili. Sasa nikuulize, karakana zenye mashine ya leza na Mnyamwezi wa Sikonge hapo Kihonda ni ngapi? Umembadilisha dada wa watu jina ukamwachia kabila, kazi, wilaya, kikohozi na ufunguo. Umetaja mwenyekiti wako, umemtaja mjomba, umeitaja hata kwaya. Mwanangu, ulipokuwa unaniuliza useme au unyamaze, ulikuwa umekwisha kusema. Ninavyoijua Morogoro, saa hii unaposoma hapa Mzee Mwinshehe amekwisha kusomewa gazeti na wateja wawili wa vitanda. Kwa hiyo swali lako la kwanza limejijibu, na lililobaki ni kama utakwenda mwenyewe kwa miguu yako au utasubiri kuitwa. Utakwenda mwenyewe, leo hii, si Jumamosi.

Nenda kwa mzee sasa hivi, kabla hajakuita. Mwamkie, kaa chini, sema ni wewe uliyefungua kabati, ni wewe uliyewasha mashine, ni wewe uliyefunga dirisha na kuzima feni, na ni wewe uliyenyamaza dada alipoandikwa. Hilo la mwisho ndilo zito, usiliruke. Na useme bila mzaha hata chembe. Kisha Jumamosi ukarudie maneno hayo hayo mbele ya kamati, Tumaini akiwa amekaa, ili jina lake lifutwe daftarini na liandikwe lako. Huyo rafiki yako anayesema mtani humbebea mtani mzigo mwambie mimi nimesema akae kimya. Mzigo unabebwa na mtu aliyeuchukua kwa hiari yake, na wewe mwenye mzigo unampokea mara tu unapopata pumzi. Pumzi umepata wiki mbili zilizopita.

Sasa nikugombeze kidogo, nina haki hiyo, mimi ni Mluguru wa Mgeta na ninaona haya kwa niaba ya mlima mzima. Mita kumi? Jora? Mtoto wa msindika ngozi, uliyekulia kwenye harufu ya magome, hebu nionyeshe ng'ombe mwenye ngozi ya mita kumi, kingo zimenyooka kama rula, hana shingo, hana tumbo, hana hata kovu la kupe. Ng'ombe huyo hajazaliwa Italia wala Mwembesongo. Wewe ulijua. Pua yako ilijua, mwenyewe umekiri. Kilichokupofusha si ujinga, ni kwamba aliyekuambia ukweli alikuwa mtu ambaye ulikwisha kuamua kwamba kila analosema ni mzaha.

Hapo ndipo ulipoukosea utani wenyewe. Umeuchukua ukadhani ni ruhusa ya kutosikia. Tulipofiwa na mama yangu, watu wote walinizunguka wakiniambia pole, kula kidogo, lala kidogo. Mtani mmoja alikuja akajilaza pale shimo linapochimbwa akasema hatoki mpaka mimi nile ugali wote uliokuwa kwenye sahani, na kama sitaki basi azikwe yeye kwanza. Nilicheka siku ya msiba wa mama yangu, na nikala. Mtani anapewa mdomo mrefu kwa sababu kuna maneno ambayo ndugu wanaogopa kukuambia. Tumaini alikuambia moshi si ukungu. Angeyasema hayo mtu mwingine kwa upole ungeyasikia, nami sijui kama ungeyatii, lakini yeye aliyasema kwa utani wenu, nawe ukayafungia karanga.

Mashine za leza mimi sizijui. Nilifundisha sayansi kimu miaka thelathini na moja, moto ninaoujua ni wa jiko. Kwa hiyo Jumanne nilikwenda mjini kwa Bwana Ritesh, muuza vifaa vya washona viatu, ambaye familia yao imeuza soli tangu nikiwa msichana, nikamsomea sehemu ya jora. Aliweka kalamu chini. Akaniambia, "Mwalimu, huyo kijana ana bahati bado anaandika barua." Kisha akanieleza, nami nakueleza wewe na kila fundi anayesoma hapa.

Hiyo ngozi ya bandia inayong'aa mara nyingi ni plastiki ambayo ikiunguzwa na leza inatoa hewa ya sumu, na hewa hiyo ikikutana na unyevu wa koo lako, au wa vyuma vya mashine, inakuwa tindikali. Ndiyo maana mlikohoa, ndiyo maana vyuma vimeota kutu kwa siku chache. Haina tiba ya feni kubwa wala ya dirisha wazi. Haikatwi kwa leza kabisa, ikatwe kwa kisu na mkasi kama zamani. Na hata ngozi ya kweli ipo ya aina mbili. Ile iliyosindikwa kwa magome ukiikata kwa kisu ndani ni ya kahawia, na hiyo ndiyo ya kupeleka kwenye mashine. Ile iliyosindikwa kwa dawa ya kromu mara nyingi ndani ina rangi ya kijivu au bluu hafifu, moshi wake nao si wa kuvuta, hiyo pia mwachie kisu. Ukishindwa kutofautisha, usikisie. Mwulize aliyekuuzia, na kama aliyekuuzia anasema Italia kabla hujamuuliza, beba mfuko wako uondoke. Waya wa shaba wa Tumaini ni kipimo cha haki kabisa, Bwana Ritesh anautumia dukani kwake, ila fanyia nje penye hewa, kipande kidogo tu, na usikinuse.

Kuhusu feni, mwanangu, feni inawashwa kabla ya leza na inazimwa dakika kadhaa baada ya leza, haizimwi kwa sababu ua linapeperuka. Ua likipeperuka, libane kingo kwa sumaku ndogo au vipande vya chuma, au bandika karatasi ya gundi juu yake, itakuzuilia na weusi wa moshi usipake ngozi. Kifuniko kifungwe. Vumbi na vipande vinavyoanguka chini ya wavu vifagiliwe kila siku, maana moto wa mashine hizi huanzia hapo. Mtungi wa kuzimia moto uwe karibu na mlango, si nyuma ya mashine ambako moto wenyewe utakuwa umekuwahi. Na mashine ikiwa inakata usiende popote, hata kama mjomba Severini anapiga simu. Hasa kama mjomba Severini anapiga simu.

Yote hayo nina uhakika yameandikwa kwenye ile karatasi ya tatu iliyo juu usikofika. Leta ngazi uisome. Kisha uinakili kwa mwandiko wako mzuri, nakala tisa, kila fundi na yake, ya kwako uibandike mbele ya macho yako. Lenzi na kusafisha vyuma ni juu yako, hilo hata usisubiri kamati ikuambie.

Halafu mpeleke huyo dada hospitali akapimwe kifua, nawe upimwe, hata kama kikohozi kimekwisha. Usiniambie mmekunywa tangawizi. Tangawizi ya Matombo naipenda sana lakini haijasomea mapafu.

Mjomba nitakusaidia. Mpigie leo umwambie ukweli, kwamba makubazi yatakatwa kwa mkono kwa ngozi ya magome, na kwamba unahitaji mikono. Kwaya ina watu thelathini na wawili, kila mtu ana mikono miwili na wote wamekulia kwenye visu vya migomba. Wafundishe kushona mikanda yao wenyewe siku mbili huko huko Matombo. Watalalamika siku ya kwanza, ya pili wataanza kuimba, na jubilei watavaa kitu walichokitengeneza. Mjomba atasema lilikuwa wazo lake, mwache aseme.

Sasa tufike kwenye swali ulilolificha katikati ya aibu zako. Unauliza kama mtani akishakuwa mstaarabu kuna dawa. Ipo. Ukishamaliza kukiri mbele ya watu, mgeukie, umwombe akutoze faini. Kwetu utani ukivuka mpaka unalipiwa, na anayelipwa ndiye anayepanga. Akikutajia kitu cha maana, kama lenzi au dawa, ujue bado amekasirika, lipa na unyamaze. Lakini akikutajia upuuzi, akisema umletee kuku mwenye meno au ukungu wa Uluguru kilo mbili kwenye kiroba, piga magoti ushukuru, umesamehewa.

Mimi nafikiri atasema upuuzi, na sifikiri hivyo kwa matumaini tu. Nina ushahidi.

Miaka arobaini iliyopita nilipangiwa shule moja huko Tabora, msichana wa Mgeta, sina ninayemjua. Wiki ya tatu mfuniko wa sufuria yangu ukapotea. Sufuria ipo, mfuniko haupo. Nikalia, nikasema Tabora kuna wezi. Mwalimu mwenzangu mtu mzima akaniambia, binti, mwizi angekuachia sufuria? Siku ya nne mwalimu wa hesabu, Mnyamwezi mrefu mwenye masikio makubwa, akapita mbele ya darasa langu amevaa mfuniko kichwani kama kofia. Ni huyo aliyecheka barua yako jana usiku. Mfuniko bado tunao, umebonyea.

Kwa hiyo rudi kwenye barua yako. Umeniambia mkosi juu ya mkosi, wezi wamekuvamia. Kubazi la mfano, saizi thelathini na nane, ambayo hujui kwa nini uliitengeneza saizi hiyo. Unajua vizuri sana, umeuangalia mguu wa mtu mwaka mzima. La kulia limekwenda, la kushoto limeachwa msumarini, na hukuniambia kwamba karakana yenye watu tisa imepotelewa na kitu kingine chochote. Mwizi wa viatu, mwanangu, anachukua jozi. Mguu mmoja hauuziki popote, hata Mwembesongo.

Huyo anayekuita kaka na kukutakia kazi njema alipita mezani kwako Jumatano ile akachukua cha mtani wake bila kuomba, kama alivyochukua chapati siku ya kwanza. Chapati ameiacha kwa sababu bado ana hasira. Kubazi amelichukua kwa sababu anataka umfuate. Wiki nzima anakungoja uulize, wewe unatafuta polisi.

Basi fanya kama nilivyokuambia, kwa mpangilio huo huo, mzee kwanza, kamati, faini, na maneno ya moyoni yaje baada ya hayo yote, kwa lugha nyoofu, ili asidhani nayo ni mzaha. Jumamosi usiende kwenye kikao mikono mitupu. Hilo la kushoto litoe msumarini, lipanguse vumbi, ulibebe.

Mwalimu Margareth